Upande Mmoja wa Meno

Wasemao ya kale ni dhahabu hawajabeba
spana ya bomba ya inchi thelathini na sita
kutoka Gikomba hadi Makongeni, begani, saa saba mchana.
Ya kale ni chuma. Yanaacha kutu kwenye kola
na swali la jirani mlangoni: "Mama Syombua, leo tena?"

Leo tena.

Wakhungu wa vyuma chakavu amenizoea, ndiyo hasara yangu.
Zamani alinipimia kwa kilo, bei moja
na mlango wa gari na sufuria iliyotoboka.
Siku hizi akiona mpini unachungulia chini ya rundo
anaukalia, anaagiza chai, anasema:
"Hii? Hii ni ya enzi za mkoloni."
Nami najifanya nimekuja kutafuta bawaba.

Siku mbili kwenye siki. Brashi ya waya.
Mafuta ya injini yaliyokwisha kazi, meusi, ya bure.
Basi. Sing'arishi kitu.
Dalmas wa Kaloleni hupaka zake rangi nyekundu,
zinakaa ukutani kama midomo ya maharusi,
kisha ananiambia mimi ndiye sijui kutunza.
Hatujasalimiana tangu Pasaka, kisa nati moja.

Ungeshika hii ungeelewa. Taya la juu linacheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Asiyejua atasema limekufa.
Kumbe ulegevu ule ndio ufundi: vuta mpini,
taya linainama, linauma,
na kadiri bomba linavyokaidi ndivyo meno yanavyozama.
Rudisha mkono, linaachia kama halikuwahi kukujua.
Nimeishi na mtu wa namna hiyo. Tuyaache.

Nina daftari la shule, mistari nimeipiga kwa rula:
inchi, uzito, ilikotoka, ya nani.
Ya karakana ya reli, iligongwa namba isiibwe, ikaibwa.
Ya mpini wa mbao, ufa umefungwa waya wa simu.
Ya baraza la jiji, imekatwa mpini na mtu
aliyetaka iingie mfukoni mwa koti.
Kwenye "ya nani" nimejaza hajulikani, hajulikani,
mpaka kalamu ikaona haya.

Kisha hii ya inchi kumi na nane, aliyoniachia baba.
Ubavuni jina la kiwanda cha ng'ambo, herufi zimevimba kwa fahari.
Chini yake, kwa ncha ya msumari,
vitone vitatu na mstari.
Baba alimjua mwenye alama: Muthoka,
aliyeshusha mabomba mitaroni miaka kumi na tisa.
Msimamizi alisimama juu, mikono mfukoni;
Muthoka alikaza kila kiungo kwa uzito wa kifua chake,
na mwisho wa mwezi, kwenye orodha ya mishahara,
aliandikwa: mbeba spana.

Maji yetu huja Alhamisi.
Alhamisi iliyopita, saa tisa usiku,
bomba la ua liliachia kiungoni
na wiki nzima ya familia kumi na mbili
ikaanza kuelekea mtaroni.
Fundi kazima simu. Wakanijia mimi na kabati langu.
Nilisita. Nakiri. Nilifikiria meno yake, siki, siku mbili zile.
Halafu nikaichukua ya Muthoka.

Iliteleza mara moja. Nikaigeuza, nikakumbuka upande.
Ikauma.
Nilisikia kiungo kikilia, kisha kimya,
kisha ndoo zikigongana kwenye foleni.

Asubuhi, kwenye "ya nani", nikachora vitone vitatu na mstari.
Pembeni nikaongeza neno ambalo wakusanyaji hawalipendi:
imetumika.
Dalmas akisikia atanicheka. Bomba bado halivuji.